Udhibiti wa Vileo na Kamari: Serikali Ichague Kulinda au Kuvuna

Wahenga walinena kuwa mshika mawili moja humponyoka. Sijui asasi za umma humu nchini zinazoithibitisha methali hiyo kuliko zile zilizokabidhiwa udhibiti wa vileo na michezo ya kamari. Kwa muda wa takriban miaka mia moja zimebadilishwa majina, zimehamishwa kutoka afisi moja hadi nyingine, zimevunjwa na kuundwa upya. Hata hivyo, majukumu mawili yanayokinzana hayajawahi kutenganishwa ndani yake: kumlinda raia dhidi ya madhara ya ulevi na kamari, na kuijaza hazina kwa fedha zitokanazo na ulevi na kamari hizo hizo.

Nawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya afisi za serikali haifunzwi vya kutosha madarasani mwetu. Mwanafunzi humaliza shule ya upili akiwa amekariri majina ya magavana wa kikoloni na tarehe za makongamano ya katiba, ilhali hajui ni nani aliyempa leseni mwenye baa iliyo mkabala na lango la shule yake, wala ni kwa sheria gani. Pili, shule ndiko madhara ya udhibiti hafifu yanakoonekana mapema. Mzazi anapoipoteza karo katika dau, mwalimu ndiye humwona mtoto akirudishwa nyumbani. Mzazi anapopofushwa na chang'aa yenye sumu, mtoto ndiye huacha masomo ili amwongoze njia.

Turejee nyuma basi. Katika miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi liliiga mtindo uliokuwa umeanza Durban, Afrika Kusini. Huko, sheria ya mwaka wa 1908 iliupa utawala wa mji mamlaka ya pekee ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe, na faida ikatumiwa kulipia gharama za kuwatawala Waafrika hao hao. Nairobi nayo ikafungua kilabu chake cha pombe katika mtaa wa Pumwani. Upikaji wa pombe majumbani ukapigwa marufuku mjini, na akina mama waliokuwa wakijikimu kwa kupika busaa wakageuka wahalifu machoni pa sheria. Faida ya kilabu ilitengewa huduma za Waafrika. Yaani Mwafrika alitakiwa anywe kwanza ndipo apate huduma ambazo mtu wa rangi nyingine alizipata bila kulewa.

Tusisahau pia kwamba sheria ya vileo ilikuwa sheria ya rangi. Kampuni ya Kenya Breweries iliundwa mwaka wa 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua bia yake ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ruhusa ya kununua vileo vikali ilichelewa zaidi. Mtawala alidai kuwa anamlinda mwenyeji dhidi ya ulevi. Lakini mlinzi huyo huyo alikuwa na kilabu Pumwani na alizihesabu pesa zake kila jioni. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Mtu mmoja aliwekwa kuwa mwuzaji, askari na mtoza ushuru kwa wakati mmoja, na mtindo huo tukaurithi pamoja na bendera.

Baada ya uhuru, leseni za vileo ziliendelea kutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Vileo, ambayo ilikuwa sura ya 121 ya sheria za Kenya. Katika wilaya, kazi hiyo ilifanywa na mabaraza yaliyoitwa mahakama za leseni, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya. Afisa huyo ndiye aliyeongoza kamati ya usalama, ndiye aliyesimamia machifu waliovunja mitungi ya pombe vijijini, na ndiye aliyeamua baa ipi ifunguliwe. Mamlaka yote hayo yalikaa katika afisi moja, na raia aliyetaka kulalamika hakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Kamari ilipewa nyumba yake. Mwaka wa 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, sura ya 131, iliyounda bodi ya kutoa leseni na kusimamia biashara hiyo. Waliotunga sheria hiyo walifikiria mambo ya enzi yao: mbio za farasi, kasino za watalii, na bahati nasibu za hisani ambazo tiketi zake ziliuzwa barabarani. Mchezaji alilazimika kwenda mahali, kutoa noti mfukoni na kuonekana na watu. Aibu ya kuonekana ilikuwa udhibiti ambao haukumgharimu serikali hata senti.

Mnamo 1980 likaja pigo jingine. Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria yake yenyewe. Kupika, kuuza, hata kupatikana nayo kukawa kosa. Marufuku hiyo haikuimaliza chang'aa. Iliisukuma gizani, na gizani hakuna mkaguzi wala kipimo. Mpishi aliyejua kwamba huenda akavamiwa wakati wowote alitafuta njia ya kupata kinywaji kikali kwa haraka, na baadhi ya wafanyabiashara wakaanza kuongeza methanoli, kemikali ya viwandani.

Mwalimu wa kemia atanisaidia hapa. Methanoli hufanana na ethanoli, ile iliyomo katika pombe ya kawaida, kwa sura na hata kwa harufu. Tofauti hutokea ndani ya mwili. Ini huivunja methanoli na kuigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huharibu neva za macho. Ndiyo maana manusura wengi husimulia kwamba waliona giza kabla ya kitu kingine chochote, na baadhi yao walidhani taa zimezimwa. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa kunywa pombe ya aina hiyo. Mwaka wa 2005 msiba kama huo ukawapata watu wa Machakos. Kila mara afisi husika zilitoa matamshi makali, misako ikafanywa kwa majuma machache, kisha kimya.

Yapo mabadiliko yaliyofanywa kwa nia njema, nami sitaki kuyabeza. Mwaka wa 2010 Rais Mwai Kibaki alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Vileo, ambayo wananchi waliipa jina la mdhamini wake, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Sheria hiyo ilifuta ile ya leseni za vileo na ile ya kuharamisha chang'aa. Chang'aa ikaruhusiwa mradi itengenezwe kwa viwango na kutiwa chupani. Baa zikatakiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana mwishoni mwa juma na siku za mapumziko, na kufungwa saa tano usiku. Ikakatazwa baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Aliye chini ya umri wa miaka 18 akafungiwa mlango.

Lakini hata sheria hiyo ilipita mahali bila kuangalia. Fikiria mgema wa Kilifi au Kwale. Mnazi huanza kuchachuka pindi unapotoka kwenye kigomba cha mnazi, na baada ya saa chache ladha yake hubadilika. Kumwambia mgema autie chupani na kuupeleka kwenye maabara ni sawa na kumwambia aache kazi. Kanuni moja iliwekwa kwa kinywaji cha kiwandani na kinywaji kinachotundikwa mtini, na aliyeathirika ni mtu asiye na wakili.

Jambo la pili ni la fedha, nalo ndilo shina la hoja yangu. Sheria ya 2010 iliunda Hazina ya Udhibiti wa Vileo, na miongoni mwa mapato ya hazina hiyo ni ada za leseni. Kwa maneno mengine, mwenye kazi ya kupunguza ulevi aliwekewa riziki inayotokana na wingi wa wauzaji. Sidai kwamba maafisa wake ni walafi. Nasema kwamba hata mtu mwadilifu, ukimwambia mshahara wake utatoka katika leseni anazozitoa, hatakosa kusitasita kabla ya kuifuta moja.

Kisha ukaja ugatuzi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka leseni za vileo, pamoja na kamari na kasino, katika orodha ya kazi za kaunti, huku kamari ya kitaifa ikibaki na serikali kuu. NACADA, ambayo ilipewa sheria yake mwaka wa 2012, ikabaki na uhamasishaji, sera na usimamizi wa kitaifa. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, kila moja ilianza kutunga sheria yake ya vileo. Wazo la ugatuzi lilikuwa zuri: aliye karibu na baa ndiye anayejua madhara yake. Ila kaunti zilianza zikiwa na kiu ya mapato yao wenyewe, na ada za vileo zikawa kisima kilicho karibu. Mkoloni wa Pumwani angetabasamu. Kilabu chake kilikuwa kimoja, sisi tukapata watoza ada 47.

Mfano wa bia ya pipa unaonyesha jinsi kodi na usalama wa raia zinavyovutana. Mwaka wa 2004 serikali iliondoa ushuru kwa bia ya bei nafuu iliyouzwa kwa mapipa, kwa hoja kwamba maskini akipata kinywaji salama cha bei anayoimudu ataachana na sumu. Hiyo ilikuwa hoja ya afya. Mwaka wa 2013 hoja ya hazina ikashinda, nafuu hiyo ikapunguzwa kwa nusu, na mauzo yakaporomoka. Mnamo Mei 2014 zaidi ya watu 80 walifariki kwa pombe yenye sumu katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a. Sidai kwamba tukio moja lilizaa jingine. Nauliza tu kama palikuwa na afisi yoyote ambayo kazi yake ilikuwa kuuliza swali hilo kabla ya kodi kupandishwa. Mwaka wa 2015 nafuu ilirejeshwa kwa sehemu kubwa, kana kwamba hakuna aliyekuwa amekosea hesabu.

Kilichonitia uchungu zaidi kilitokea Februari 2024 huko Kirinyaga. Zaidi ya watu kumi walifariki katika eneo la Kangai baada ya kunywa pombe. Aliyekuwa Waziri wa Usalama, Kithure Kindiki, alieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa imenaswa na kuhifadhiwa kama ushahidi katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, kisha ikatoka humo na kuuzwa tena. Sumu iliyonaswa ili isimdhuru raia ilimfikia raia ikitoka mikononi mwa mlinzi wake. Baada ya hapo serikali ilitangaza masharti mapya mengi. Nijuavyo mimi, sharti la kwanza lingekuwa kumtenga anayenasa na anayeweza kufaidi.

Tugeukie kamari. Sheria ya 1966 ilibaki ikilala huku dunia ikibadilika. Mwaka wa 2007 huduma ya M-Pesa ilianza, na baada ya miaka michache kampuni za kubashiri matokeo ya kandanda zikaiunganisha kamari na simu. Mchezaji hakuhitaji tena kwenda popote. Ile aibu ya kuonekana, ambayo ilikuwa mlinzi asiye na mshahara, ikatoweka. Bodi iliyobuniwa kukagua vyumba na tiketi ikajikuta ikisimamia biashara iliyomo ndani ya mfuko wa kila kijana mwenye simu, darasani, kwenye matatu na kitandani.

Serikali iliitikiaje? Iliitikia kwa kodi. Sheria ya Fedha ya 2017 iliweka kodi ya asilimia 35 kwa mapato ya kampuni hizo, kisha mwaka wa 2018 ikashushwa hadi asilimia 15. Mwaka wa 2019 ukawekwa ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau, mwaka wa 2020 ukafutwa, mwaka wa 2021 ukarudishwa kwa asilimia 7.5, mwaka wa 2023 ukapandishwa hadi 12.5, mwishoni mwa 2024 hadi 15, na mwaka wa 2025 ukageuzwa kuwa asilimia 5 ya pesa anazoweka mchezaji katika akaunti yake. Msomaji atafute katika mlolongo huo mwaka mmoja tu ambapo swali kuu lilikuwa idadi ya vijana walioharibikiwa. Swali lilikuwa kiwango gani kitaleta pesa nyingi bila kumfukuza mwenye biashara.

Na mwenye biashara alijua nguvu zake. Kodi ilipopandishwa, kampuni ya SportPesa ilitangaza mapema 2018 kwamba inaacha kufadhili michezo nchini, na vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards vikabaki bila mfadhili. Mnamo Julai 2019 leseni za kampuni 27 zilikataliwa kuhuishwa. Nayo sababu kubwa ilikuwa mzozo wa kodi. Mwaka wa 2018 iliundwa Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hutegemea kodi zitokanazo na kamari. Yaani timu ya taifa ikitaka tiketi ya ndege, kijana mahali fulani hana budi kupoteza dau. Kilabu cha Pumwani kimezaliwa upya, safari hii kikiwa na jezi.

Nimefunza hisabati kwa miaka mingi, na naomba nitoe hesabu moja ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni kesho. Tuseme mwanafunzi anabashiri mechi kumi kwa pamoja, na kila mechi ana nafasi ya nusu kwa nusu. Nafasi ya kuzipata zote ni moja kati ya 1,024. Tuseme kampuni inalipa shilingi 1.90 kwa kila shilingi katika kila mechi. Ukizidisha 1.90 mara kumi unapata takriban 613. Anayetumia shilingi moja ataahidiwa shilingi 613 kwa jambo linalotokea mara moja katika mara 1,024. Kwa wastani, kila shilingi yake itamrudishia senti 60, na senti 40 zimekwenda. Kadiri anavyoongeza mechi ili kitita kiwe kikubwa, ndivyo sehemu inayomezwa inavyokua. Bango la barabarani halitamwambia hivyo, na asiyeambiwa na mwalimu ataambiwa na mfuko wake.

Mwaka wa 2025 ulileta dalili za kuamka. Mnamo Aprili bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mnamo Agosti Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, ambayo iliiondoa ile ya 1966 na kuweka mamlaka mpya mahali pa bodi ya zamani. Mwaka huo huo sera ya kitaifa kuhusu vileo na dawa za kulevya ilipendekeza umri wa kunywa uinuliwe kutoka miaka 18 hadi 21. Sheria ya karibu miaka 60 kuondolewa ni jambo la kupongezwa. Ila mimi si mwepesi wa kushangilia jina jipya. Tumeziona mahakama za leseni, kamati za wilaya, bodi na mamlaka. Joho hubadilika, mwili ukabaki ule ule.

Huenda msomaji akauliza kama kuna mahali ambapo mambo haya yamefanywa kwa njia nyingine. Naomba tutazame mkoa wa Ontario nchini Kanada, kwa sababu historia yake ya utawala wa vileo na kamari imejaribu karibu kila mpango, mwema na mbaya. Vileo vilipigwa marufuku huko mwaka wa 1916. Mwaka wa 1927 marufuku iliondolewa, na bodi moja ya serikali ikapewa kazi zote: kuuza vileo katika maduka yake, kumpa kila mnunuzi kibali, na kuandika alichonunua. Kwa miongo kadhaa karani wa serikali alijua nani alinunua chupa ngapi.

Watu wa Ontario waligundua taratibu kwamba mwuzaji hafai kuwa mwamuzi. Mwaka wa 1947 walianzisha bodi nyingine ya kutoa leseni kwa baa na hoteli, huku ile ya kwanza ikibaki na maduka. Kamari ilipopanuka, waliunda tume yake. Kisha mnamo Februari 1998 waliunganisha msimamizi wa leseni za vileo na msimamizi wa kamari chini ya tume moja. Hoja ilikuwa dhahiri: anayechunguza kama mwenye baa ni mwaminifu ana ujuzi ule ule wa kumchunguza mwenye kasino, na aghalabu ni mtu yule yule. Hata hivyo, uuzaji wa vileo na uendeshaji wa bahati nasibu ulibaki katika mashirika mengine.

Kosa walilifanya baadaye. Mwaka wa 2021, wakijiandaa kuruhusu kampuni za kibinafsi za kamari ya mtandaoni, waliunda shirika la kuendesha biashara hiyo kwa niaba ya serikali, wakaliweka chini ya tume ile ile ya usimamizi. Mkaguzi Mkuu wa mkoa alionya mwaka huo huo kuhusu mgongano wa maslahi: tume ingesimamia soko ambalo mtoto wake alifaidika nalo. Soko lilifunguliwa Aprili 2022. Mnamo Mei 2025 shirika hilo liliondolewa mikononi mwa tume na kusimama peke yake. Kosa lilitendeka, likatajwa hadharani na afisi iliyo huru, kisha likarekebishwa. Somo kwetu ni kuwepo kwa mtu mwenye kazi ya kulitaja kosa. Sisi hatujalitaja letu kwa miaka mia.

Wapo watakaonijibu kwamba serikali haiwezi kuacha mapato hayo, na kwamba fedha hizo hujenga hospitali na madarasa. Sipingi kodi. Bidhaa yenye madhara yapasa kutozwa kodi, na kodi nzito huwazuia wengi, hasa vijana wasio na kipato. Ninachopinga ni kumfanya mlinzi ategemee mavuno. Wengine watasema kwamba marufuku kamili ndiyo dawa. Hao nawakumbusha mwaka wa 1980 na makaburi yaliyofuata. Kitu kinachopendwa na wengi ukikizika, humea penye giza.

Napendekeza basi mambo manne. La kwanza, ada zote za leseni za vileo na za kamari, za kitaifa na za kaunti, zipelekwe katika hazina kuu ya serikali husika, na asasi za udhibiti zigharimiwe kwa bajeti inayopigiwa kura na Bunge au bunge la kaunti, bila kuhusishwa na idadi ya leseni. La pili, kila leseni itolewayo itangazwe pamoja na sababu zake, na umbali wa baa kutoka shule upimwe na mpima ardhi, wala si kwa macho ya mwenye baa. La tatu, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu apewe haki ya kisheria ya kusikizwa kabla ya leseni kutolewa au kuhuishwa, kwa maana yeye ndiye shahidi asiye na faida. La nne, kabla ya ushuru wa vileo au kamari kubadilishwa, asasi ya udhibiti iwasilishe kwa Bunge ripoti ya madhara yanayotarajiwa, na ripoti hiyo isomwe na umma.

Kwa walimu naongeza ombi. Tuwafunze wanafunzi wetu historia ya afisi kama tunavyowafunza historia ya vita. Tuwatume wakaulize ni nani aliyetia saini leseni ya baa iliyo jirani, alilipwa nini, na pesa zikaenda wapi. Mwanafunzi anayeweza kuuliza maswali hayo matatu ameelewa uraia kuliko anayekariri vifungu. Na kwa wanafunzi nasema: kila mara mtakapoambiwa kuwa serikali imeunda mamlaka mpya ya kuwalinda, msiishie kusoma jina lake langoni. Ulizeni riziki yake inatoka wapi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumeisifu kila bodi mpya siku ya kuzinduliwa kwake. Safari hii tusiwe na haraka ya sifa. Tungoje tuone kama mlinzi aliyewekwa zizini analipwa na mwenye ng'ombe au na fisi.